Wasomaji Wanauliza: Sanda ya Torino na Askofu Aliyekataa Kunyamaza

Tangu toleo la Pasaka litoke, barua na ujumbe wa simu vimenijia kwa wingi juu ya jambo moja, Sanda ya Torino, kitambaa kilichoko Italia ambacho wengi huamini ndicho alichozikiwa Bwana Yesu. Kwa hiyo ukurasa wote wa safari hii nauachia jambo hilo. Kwa wasomaji wapya: nilifundisha historia sekondari kwa miaka 27, na kabla ya hapo nilijifunza ushonaji kwa masista wa Konsolata mkoani Iringa. Hadi leo nashona kasula, stola na vitambaa vya altare. Konsolata ni watu wa Torino. Shirika lao lilianzia huko mwaka 1901, mwaka uliofuata wakafika Kenya, na mwaka 1919 wakafika kwetu Iringa. Katika chumba chetu cha cherehani palitundikwa picha ya Uso ulio kwenye Sanda hiyo, na sista aliyetufundisha aliiita Sindone, yaani Sanda kwa Kiitaliano, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtaja mzazi. Mwaka 2015 nilijaliwa kwenda kuiona Sanda yenyewe. Nitajibu kama mwalimu, na pale penye nyuzi nitajibu kama fundi.

*Mwalimu, Tumsifu Yesu Kristo. Kwenye kundi la simu la jumuiya yetu ililetwa video inayosema wanasayansi wamethibitisha kwamba Sanda ya Torino ndiyo aliyozikiwa Bwana Yesu, na kwamba kompyuta imetoa sura yake halisi. Mkwe wangu ni Mlutheri, akasema hayo ni mambo ya kutunga. Tulitupiana maneno mpaka mwenyekiti akafunga kundi. Naomba jibu moja: ni ya kweli au si ya kweli? – Mama wa jumuiya, Mafinga*

Milele amina, mama. Umeomba jibu moja, nakupa: kwa ushahidi tulio nao, kitambaa kile kilifumwa katika Zama za Kati, si siku za Pilato. Naandika hivyo nikiwa Mkatoliki niliyesimama mbele yake nikasali. Na mkwe wako usimhesabu kuwa adui wa Kanisa kwa sababu ya hilo, maana watu wa kwanza ambao maandishi yanawaonyesha wakisema hivyo walikuwa watu wa Kanisa letu wenyewe.

Nianze na kitu chenyewe, kwa sababu wengi wanaobishana hawajui hata ukubwa wake. Ni kitani, urefu wake kama mita 4.4 na upana mita 1.1. Chukua kanga tatu, zishone moja baada ya nyingine kwa urefu, utakuwa umekaribia kabisa. Juu yake ipo sura ya mtu aliyesulubiwa, mbele na mgongoni, vichwa viwili vikikutana katikati, kana kwamba mtu alilazwa kwenye nusu moja na nusu ya pili ikapitishwa juu ya kichwa na kumfunika hadi miguuni. Rangi ya sura ni hafifu mno, kama alama ya chai ya rangi iliyomwagika ikafuliwa. Ukiisogelea sana inapotea machoni; ukirudi nyuma hatua kadhaa inajikusanya tena.

Historia yake inayoweza kushikwa mkononi inaanzia Lirey, kijiji cha Champagne huko Ufaransa. Askari mashuhuri wa mfalme, Geoffroi de Charny, alianzisha kanisa hapo mwaka 1353, kisha akauawa vitani Poitiers tarehe 19 Septemba 1356. Miaka hiyo ndiyo kitambaa kilipoanza kuonyeshwa watu. Ipo hata beji ndogo ya mahujaji, yenye sura ile mbele na nyuma pamoja na ngao ya ukoo wa Charny, iliyookotwa katika mto Seine mwaka 1855. Imehifadhiwa Paris katika makumbusho ya Cluny. Kabla ya Lirey hakuna hata karatasi moja isiyobishaniwa inayokitaja kitambaa hiki. Wapo wanaosema ni kile ambacho askari Robert de Clari alikisimulia kuwa kilikuwa Konstantinopoli kabla mji haujatekwa mwaka 1204. Robert aliandika kweli habari ya sanda. Lakini uzi wa kuiunganisha sanda ile na kanisa la Lirey haupo.

Sasa sikiliza hao watu wa Kanisa. Mwaka 2025 mwanahistoria Nicolas Sarzeaud alichapisha andiko la Nicole Oresme, padre na mmoja wa wasomi wakubwa wa karne ya 14, aliyekuja kuwa askofu wa Lisieux. Oresme anawalaumu makleri wanaodanganya watu ili wapate sadaka, na mfano anaoutoa ni kanisa moja la Champagne lililodai kuwa na sanda ya Bwana. Kisha mwaka 1389 askofu wa Troyes, Pierre d'Arcis, aliyekuwa na Lirey ndani ya jimbo lake, aliandika waraka kwa Klementi VII, papa wa Avignon wakati wa mfarakano, Kanisa lilipogawanyika likawa na mapapa wawili, mmoja Roma na mmoja Avignon. Alisema mtangulizi wake, askofu Henri de Poitiers, alichunguza jambo hilo miaka kama 34 nyuma, akakuta ni kazi ya mikono, na mchoraji mwenyewe alikiri. Akaongeza jambo ambalo kila nikilisoma linanichoma: watu walilipwa wajifanye wagonjwa waliopona papo hapo mbele ya kitambaa, ili wengine watoe fedha. Mama, hilo hatuhitaji kwenda Ufaransa ya kale kulielewa.

Wanaoitetea Sanda husema nakala za waraka huo zilizobaki hazina sahihi wala muhuri, na kwamba hukumu ya Henri haijaonekana kwenye kumbukumbu. Ni hoja ya haki na mwanafunzi wangu angeiandika ningempa alama zake. Lakini uamuzi wa Klementi upo. Klementi alikuwa ameshamwamuru askofu anyamaze, naye askofu akaandika vilevile. Mwaka 1390 papa huyo akatoa njia ya kati: kitambaa kiendelee kuonyeshwa, ila padre aseme kwa sauti mbele ya watu kwamba hiyo si sanda ya kweli ya Bwana, bali ni picha au mfano wake. Baada ya miaka 116, mwaka 1506, Papa Yulio wa Pili aliruhusu Misa ya Sanda Takatifu. Kwa muda huo kitambaa kilikuwa kimehama mikono. Mjukuu wa Geoffroi, Margaret de Charny, alikichukua kwa hofu ya vita, akakitoa kwa watawala wa Savoia mwaka 1453, akatengwa na Kanisa kwa kutokirudisha Lirey. Savoia wakawa wakuu, na onyo la Avignon likasahauliwa. Mimi nadhani hapo ndipo tulipojikwaa, si Lirey.

Kuhusu video yenu: nadhani inasimulia utafiti wa Waitalia uliochapishwa mwaka 2022. Walipima uzi kwa eksirei wakasema unaweza kuwa na miaka 2,000 *iwapo* kitambaa kilihifadhiwa kwa karne 13 kabla ya Lirey katika joto la nyuzi 20 hadi 22.5 na unyevu wa asilimia 55 hadi 75. Hizo karne 13 ndizo zilezile ambazo hakuna anayejua kilikuwa wapi. Watafiti waliliandika "iwapo" lao. Aliyetengeneza video alilitupa. Na ile sura ni picha iliyochorwa na akili mnemba kwa kufuata picha nyingine ilizolishwa. Mwombe mwenyekiti afungue kundi, na wewe uwe wa kwanza kumsalimu mkwe wako.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano. Wamejuaje umri wa kitambaa kwa kaboni? Na je, moto hauwezi kuharibu kipimo? – Mwanafunzi, Songea*

Marahaba mwanangu. Mmea unapokua unavuta hewa ya kaboni, na sehemu ndogo sana ya kaboni hiyo ni aina inayoitwa kaboni 14, ambayo hupungua yenyewe. Siku kitani kinang'olewa shambani, mlango unafungwa. Hakiingizi tena, kinapoteza tu, nusu yake kila baada ya miaka kama 5,730. Kitani kilichong'olewa siku za Bwana Yesu, kikipimwa mwaka 1988, kinapaswa kuwa kimebaki na asilimia kama 79 ya ile ya mwanzo. Cha karne ya 14 kinabaki na asilimia kama 92. Kati ya 79 na 92 pana nafasi kubwa, na mashine zile hazikosei kwa kiasi hicho.

Tarehe 21 Aprili 1988 kipande chembamba, urefu wa kidole na upana wa sentimita moja hivi, kilikatwa pembeni mwa Sanda. Kikagawiwa maabara tatu: Oxford, Zürich, na Arizona huko Tucson, chini ya uratibu wa makumbusho ya British Museum. Kila maabara ilipewa pia vitambaa vingine vitatu vya kale ambavyo umri wake ulijulikana, ili mashine zijisahihishe. Tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo Kardinali Anastasio Ballestrero, askofu mkuu wa Torino, aliwaita waandishi akasoma matokeo mwenyewe: kati ya mwaka 1260 na 1390, kwa uhakika wa asilimia 95. Ona kwamba Lirey imo ndani ya miaka hiyo. Kaboni haikuwa imesoma waraka wa askofu wa Troyes. Mashahidi wawili wasiojuana wakitaja karne ileile, mimi nawasikiliza. Namheshimu sana kardinali yule. Alikuwa mlinzi wa kitambaa, akasimama mbele ya dunia kutangaza jambo ambalo mahujaji wake hawakutaka kulisikia.

Moto ulikuwepo, tena mkali. Nitaueleza kwa fundi wa Moshi hapo chini. Joto peke yake haliongezi kaboni changa. Ili kitani cha karne ya 1 kisomeke kuwa cha karne ya 14, zaidi ya nusu ya kaboni yote iliyomo ingepaswa kuwa ya siku hizi. Huo si moshi wala jasho la mikono. Ingekuwa uchafu mzito kuliko kitambaa chenyewe, nao maabara zilikisafisha kwanza kwa tindikali na magadi kabla ya kukichoma.

Kasoro za kweli zipo, na usizifiche kwenye insha yako. Sampuli ilitoka kona moja tu. Takwimu ghafi zilifichwa muda mrefu mno. Zilitolewa mwaka 2017, na uchambuzi wake ulipochapishwa mwaka 2019 ilionekana majibu ya maabara hayakukubaliana vizuri, Oxford ikitoa wastani wa zamani zaidi kuliko Arizona kwa kama miaka 100. Hiyo ni sababu nzuri ya kutaka kipimo kirudiwe. Lakini tofauti ya miaka 100 haikufikishi Yerusalemu ya mwaka 30.

*Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani. Nimesikia waliopima kaboni walikata sehemu iliyokuwa imeshonwa upya kwa ustadi, nyuzi mpya zikachanganywa na za zamani mpaka jicho halioni. Wewe ni fundi mwenzangu, inawezekana? – Fundi, Moshi*

Fundi mwenzangu, barua yako ndiyo niliyoingoja.

Usiku wa tarehe 4 Desemba 1532 kanisa la Chambéry, walikokuwa wakiiweka Savoia, lilishika moto. Sanda ilikuwa imekunjwa ndani ya sanduku la fedha. Fedha ikaanza kuyeyuka, ikadondokea kwenye mikunjo. Unajua mwenyewe kitu kama hicho kinavyofanya: choma kitambaa kilichokunjwa kwa pasi mahali pamoja, kisha kikunjue, utapata matundu yanayofuatana kwa mistari miwili, kila moja dada wa mwenzake. Ndivyo ilivyo. Mstari huku na mstari huku, sura imepita katikati kama mtu anayetembea kati ya safu mbili za majeraha. Na maji ya kuzimia yaliacha alama zake zenye pembe nne. Mwaka 1534 watawa Waklara walikaa nayo wakaishonea viraka, na chini wakaitia bitana ya kitani cha Uholanzi. Mimi viraka vile vilinigusa kuliko vitu vingi. Wanawake wale hawakujaribu kudanganya macho ya mtu; kiraka kilikuwa kiraka.

Mimi nilivisoma tu na kuviona pichani, maana mwaka 2002 vilitolewa vyote 30 pamoja na bitana, na bitana mpya ikatiwa. Aliyeongoza kazi hiyo ni Mechthild Flury-Lemberg, bingwa wa vitambaa vya kale kutoka Uswisi. Yeye ndiye mtu ninayempa sikio kwenye swali lako, kwa kuwa aliugeuza mgongo wa Sanda akautazama kwa macho na kwa darubini. Alisema hakuna ushonaji wa kujificha mahali pale, kwa sababu ushonaji wa namna hiyo, hata ukiwa mzuri vipi upande wa mbele, upande wa nyuma huonekana.

Nami nakubaliana naye kwa vidole vyangu. Miaka ya nyuma paroko alinipa kasula ya zamani iliyochanika kifuani, akitaka iwe tayari kwa jubilei. Nilichomoa nyuzi kwenye pindo la kasula ileile, nikazipitisha moja moja, juu ya huu chini ya ule, kwa siku nne. Siku ya Misa hakuna aliyeona kitu. Lakini jioni sista alipoigeuza ndani nje ili aikunje, aliweka kidole palepale bila kuuliza. Ncha za nyuzi hazina pa kwenda, fundi. Lazima zilale mahali.

Tena ufumaji wa Sanda si ule rahisi wa moja juu moja chini. Uzi unapita juu ya nyuzi tatu, unazama chini ya mmoja, na kila baada ya kipimo fulani mwelekeo unageuka, ndipo panatokea michirizi kama mifupa ya samaki. Kuingiza nyuzi mpya ndani ya mifupa ya samaki bila kuuvunja mchirizi hata mmoja, mbele na nyuma, mimi siwezi, na sijakutana na anayeweza. Mkemia Raymond Rogers, aliyekuwa kwenye jopo la Wamarekani walioichunguza Sanda mwaka 1978, aliandika mwaka 2005 kwamba nyuzi za kona ile zina rangi na pamba ambazo hazifanani na sehemu nyingine. Alikuwa mtu makini, siwezi kumdharau. Ila alifanya kazi kwa vipande vya nyuzi alivyopewa, na aliyekigeuza kitambaa chenyewe alisema sivyo.

Nakutendea haki kwa kukuambia na hili: bingwa huyohuyo Flury-Lemberg alisema mshono unaopita ubavuni kwa urefu wote unafanana na mishono ya vitambaa vilivyopatikana Masada, ngome ya Wayahudi ya karne ya 1. Kwake yeye Sanda inaweza kabisa kuwa ya kale. Kwangu mimi mshono ni desturi ya mkono, na mkono hufundisha mkono kwa karne nyingi; hautaji mwaka.

*Ndugu Mwalimu, Injili ya Yohane sura ya 20 inataja vitambaa na leso ya kichwani iliyokuwa mbali peke yake. Itakuwaje basi sanda moja ndefu? – Katekista, Kilolo*

Katekista, umeisoma Injili jinsi inavyopaswa kusomwa. Marko, Mathayo na Luka wanataja sanda ya kitani aliyoitumia Yosefu wa Arimathaya. Yohane anataja vitambaa kwa wingi, na ile leso. Wengine huoanisha kwa kusema leso iliwekwa usoni kwanza kisha ikaondolewa, na huonyesha kitambaa cha Oviedo huko Hispania, chenye sentimita kama 84 kwa 53, kisicho na sura bali madoa tu. Nacho kilipopimwa kaboni kilitoa karne ya 7 hivi.

Kilichonisaidia zaidi ni kaburi lililofunguliwa Akeldama, Yerusalemu, mwaka 2000. Ndani palikuwa na mabaki ya sanda ya mtu wa karne ya 1, na habari zake zilitangazwa mwaka 2009. Kichwa kilifungwa peke yake na mwili peke yake, na ufumaji ni ule rahisi kabisa. Kaburi moja haliamui desturi ya mji mzima. Lakini linafanana zaidi na Yohane kuliko na Torino.

*Mimi ni mpiga picha. Je, ni kweli kwamba Sanda ni negativu, yaani picha ambayo penye mwanga pamekuwa giza na penye giza pamekuwa mwanga? Mtu wa karne ya 14 angejuaje negativu? – Nyeri, Kenya*

Ndiyo, na hilo ndilo lililoifanya Sanda ijulikane duniani. Tarehe 28 Mei 1898, wakati wa maonyesho, wakili mmoja wa Torino aliyependa kupiga picha, Secondo Pia, alipata ruhusa ya kuipiga. Usiku, katika chumba cha giza, kioo kilipoanza kutoa picha, badala ya kuona vivuli vilivyogeuzwa alimwona mtu kamili anamtazama, mwenye kina na uzito. Alisema karibu kioo kimponyoke mikononi. Wewe uliyefanya kazi na filamu unaelewa mshtuko ule kuliko wengi wetu.

Lakini haimlazimu mtengenezaji awe anajua negativu. Kitu chochote kinachoacha alama nzito pale panapogusa na nyepesi pale palipobonyea kitatoa mpangilio huo: pua nyeusi, mashimo ya macho meupe. Weka karatasi juu ya sarafu, suguza kwa penseli, kisha ipige picha uigeuze. Mwaka 2009 mkemia Luigi Garlaschelli alitengeneza mfano kwa kusugua kitani juu ya mwili, na mwaka 2025 mchoraji wa Brazil, Cicero Moraes, alionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba alama zile zinalingana na sanamu bapa kuliko mwili wa mtu. Kitani kikizungushwa uso wa mtu kisha kikitandazwa, uso hutoka mpana kama sahani. Jaribu nyumbani kwa masizi na leso.

Jinsi alama zenyewe zilivyoshika nyuzi bado wanabishana. Jopo la mwaka 1978 liliikagua kwa siku tano, saa 120, likasema halikuona rangi ya kuchora, bali nyuzi za juu kabisa zimebadilika rangi. Walter McCrone, bingwa wa darubini, alitazama chembe zilizochukuliwa na jopo hilohilo akasema ameona udongo mwekundu na zingefuri, rangi nyekundu ya wachoraji. Hawakupatana hadi McCrone anazikwa. Kazi ya mkono iliyotushinda kuieleza bado ni kazi ya mkono.

*Assalamu alaykum Mwalimu. Nilisikia kwa mwalimu wangu wa madrasa kwamba ipo sanda ya Wakristo huko Ulaya yenye maandishi ya Kiarabu. Ni kweli? – Msomaji, Tanga*

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Ni kweli, ingawa si hii ya Torino. Katika abasia ya Cadouin, kusini-magharibi mwa Ufaransa, kwa karne nyingi mahujaji walikiheshimu kitambaa kilichosemwa ni leso ya kichwani mwa Bwana. Kina kitani na hariri, na pindo lake lina mistari ya mapambo mazuri sana. Miaka ya 1930 padre Mjesuti aliyekuwa anakichunguza aligundua kwamba mapambo hayo ni maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa kuandika Kiarabu. Yaliposomwa, yalikuwa shahada ya Kiislamu pamoja na jina la khalifa al-Musta'li wa Misri, aliyetawala mwaka 1094 hadi 1101. Kilikuwa kitambaa cha kifahari cha Misri ya Wafatimi, ukoo wa makhalifa hao.

Askofu alisimamisha hija za Cadouin. Sijui masimulizi mengine ninayoyapenda kama haya. Mapadre ndio waliochunguza, mapadre ndio waliotangaza, na kitambaa bado kinatunzwa kwa heshima, sasa kwa jina lake halisi. Salamu zangu zimfike mwalimu wako wa madrasa.

*Mwanangu, mimi ni bibi wa miaka 81. Tangu mwaka 1974 nina picha ya Uso wa Sanda juu ya kitanda changu. Mume wangu alifariki akiitazama. Wajukuu wananiambia ni ya uongo, niitoe. Niitoe? – Bibi, Tosamaganga*

Shikamoo bibi. Usiitoe.

Niliposimama mbele ya Sanda mwaka 2015, kanisa kuu la Torino lilikuwa giza, kitambaa kikiwa kimenyooshwa kwa ulalo ndani ya kioo. Tulipewa dakika chache. Nilikuwa nimekwenda na maswali yangu yote ya nyuzi, na macho yangu yalianza kweli kwenye pindo na kwenye matundu ya moto. Kisha yalifika kwenye mikono, imelazwa mmoja juu ya mwingine, na alama ya msumari kwenye kiwiko cha kiganja. Mbele yangu mama mmoja alikuwa analia bila sauti. Nilimkumbuka kaka yangu tuliyemwosha na kumvika sisi wenyewe. Nilisali. Sijajuta kusali, na nilijua tarehe za maabara nilipokuwa nasali.

Hata hivyo sikuambii kwamba haidhuru. Papa Yohane Paulo wa Pili, mwaka 1998 hapohapo Torino, alisema hili si jambo la imani, kwamba Kanisa halina mamlaka maalumu ya kuamua maswali hayo, na kwamba wanasayansi waachwe waendelee. Yeye mwenyewe aliiita kioo cha Injili. Kioo humwonyesha mtu. Hakuna anayesema kioo ndicho mtu. Mwaka uliotangulia, usiku wa kuamkia tarehe 12 Aprili 1997, moto uliwaka tena, safari hii Torino, na zimamoto Mario Trematore alivunja kwa nyundo kioo kinene cha kinga ili aiokoe. Hakuuliza kwanza ni ya karne gani.

Kwa hiyo, bibi, ifute vumbi uirudishe juu ya kitanda. Ila mwambie mjukuu mmoja aigeuze. Picha nyingi za miaka ile zimeandikwa nyuma kwamba hiyo ni sura halisi ya Yesu. Kama na yako imeandikwa hivyo, akate kipande cha karatasi nyeupe akibandike juu ya maneno hayo, naye aandike kwa mkono wake yale ambayo padre wa Lirey aliamriwa kuyasema mwaka 1390: picha au mfano wa sanda ya Bwana wetu. Halafu achukue kalamu ileile, aandike chini yake jina la babu yake na tarehe aliyofariki.